Sura ya Tano: Kuthibitisha Kiingereza Chako

Sheria ya mikataba uliisoma kwa Kiingereza, na sheria ya jinai pia. Tasnifu ya mwaka wa mwisho uliiandika kwa Kiingereza, na mitihani ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo uliifanya kwa lugha hiyohiyo. Leo unaomba nafasi ya kusoma LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, Uingereza au Marekani, na fomu inakutaka uthibitishe kwamba Kiingereza unakijua. Mwanasheria wa Nairobi na mwenzake wa Kampala hukutana na sharti hilo vilevile. Wa Bujumbura na Lubumbashi, waliosomea sheria kwa Kifaransa, hukutana nalo wakiwa hawana hata shahada ya Kiingereza ya kujitetea nayo.

Una haki ya kukereka. Lakini wewe ni mwanasheria, na kanuni ya jambo hili unaijua kuliko mtu mwingine yeyote. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inasema anayetaka mahakama iamini jambo fulani ndiye mwenye wajibu wa kulithibitisha. Afisa udahili wa chuo cha mbali hajawahi kukusikia ukitetea hoja mahakamani. Hawezi kuamini asichoonyeshwa. Waombaji wengi wanaokwama hapa Kiingereza wanakijua vizuri. Kinachowaangusha ni kupeleka ushahidi usiohusika, au uliochelewa, au uliopungua mahali pamoja tu. Sura hii inahusu namna ya kukwepa makosa hayo.

Nani anadai uthibitisho?

Anza kwa kutenganisha wadai watatu: chuo, serikali ya nchi unayokwenda, na mfadhili. Kila mmoja ana sharti lake, na kumridhisha mmoja si kuwaridhisha wote.

Serikali ya Uingereza humtaka mwanafunzi wa ngazi ya shahada awe amefikia kiwango kiitwacho B2 katika stadi zote nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kwa mtihani wa IELTS, hiyo ni bendi 5.5 kwa kila stadi. Vyuo vikuu vyenye rekodi nzuri huruhusiwa kujipimia vyenyewe kama mwanafunzi amefikia kiwango hicho. Marekani haina mtihani wa lugha wa viza ya mwanafunzi. Chuo chenyewe hueleza katika fomu ya I-20 kama mwanafunzi ametimiza sharti la Kiingereza.

Kwa hiyo mdai mkali ni chuo, na ndani ya chuo, kitivo cha sheria mara nyingi hudai zaidi ya vitivo vingine. Oxford, kwa shahada yake ya uzamili ya sheria iitwayo BCL, hutaka IELTS ya 7.5 kwa jumla na isiyopungua 7.0 katika kila stadi. Harvard kwa miaka mingi imetaka alama 100 kati ya 120 katika mtihani mwingine wa Kiingereza, TOEFL, na 25 katika kila sehemu. Pima umbali kati ya 5.5 ya viza na 7.0 ya kitivo, utaelewa kwa nini mtu aliyeambiwa na rafiki yake kwamba IELTS ya 6.5 inatosha Uingereza hurudishwa. Rafiki hakudanganya, ila huenda alikwenda kusomea kozi nyingine.

Mdai wa tatu ni mfadhili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, iliacha kumtaka mwombaji alete mtihani wa lugha kwake. Lakini mshindi wa ufadhili huo lazima awe na barua ya udahili isiyo na masharti katikati ya mwaka anaoondoka, na chuo hakitaitoa barua hiyo kabla hujatimiza sharti lake la Kiingereza. Sharti lililoondolewa kwa mfadhili utalikuta palepale chuoni.

Kabla ya kulipia mtihani, omba msamaha

Ada ya IELTS au TOEFL ni mamia ya maelfu ya shilingi. Usiilipe kabla hujajua kama kweli unaihitaji, kwa sababu vyuo vingi humsamehe mtihani mwombaji ambaye shahada yake ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza. Tatizo ni kwamba kila chuo hutafsiri msamaha huo kwa namna yake. Kuna kinachotazama lugha ya kufundishia bila kujali nchi. Kuna kinachotazama nchi peke yake. Kuna kinachokubali shahada hiyo ikiwa tu umehitimu karibuni, na wakili aliyemaliza chuo miaka minane iliyopita hujikuta nje.

Vinavyotazama nchi mara nyingi hufuata orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo wananchi wake wengi huzungumza Kiingereza. Humo zimo Marekani, Canada, Australia, Jamaica, Guyana, Malta na nyingine za aina hiyo. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, tena kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kiingereza ndicho kilichofundishiwa sheria pale tangu siku ya kwanza. Historia hiyo haimwingizi mhitimu wake kwenye orodha.

Hata hivyo, nchi kutokuwemo kwenye orodha hakumaanishi kwamba msamaha umekufa. Kinachoweza kukuokoa ni barua ya msajili wa chuo chako. Barua inayofaa huandikwa kwenye karatasi rasmi ya chuo, hutaja jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, programu uliyosoma na miaka uliyoisoma, kisha hueleza mambo mawili waziwazi: kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, na kwamba ulipimwa kwa Kiingereza. Isainiwe, igongwe muhuri, na iwe na barua pepe ya ofisi ambayo mtu anaweza kuiandikia kuhakikisha. Ukienda kuchukua transkripti, omba na barua hii siku hiyohiyo. Transkripti yako imeandikwa kwa Kiingereza, lakini hiyo peke yake haimwambii msomaji darasani mlifundishwa kwa lugha gani.

Ukishaipata, iandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi. Taja kozi, taja shahada yako, ambatisha barua ya msajili, na uliza swali moja: je, ushahidi huu unanitosha nisifanye mtihani? Jibu lao lihifadhi. Miezi michache baadaye afisa mwingine anaweza kukudai cheti cha mtihani, na hapo jibu lile la maandishi ndilo litakalokutetea.

Wastani mzuri unaweza kukuangusha

Kama msamaha umekataliwa, ni lazima uujue mtihani kama unavyoijua sheria ya mwenendo wa mashauri. Watu wengi huangushwa na hesabu.

IELTS hutoa bendi kuanzia 0 hadi 9 kwa kila stadi, kisha hutafuta wastani na kuusogeza hadi nusu ya karibu. Tuseme mwombaji wa BCL amepata 8.0 kusikiliza, 7.5 kusoma, 6.5 kuandika na 7.5 kuzungumza. Jumla ni 29.5. Ukigawa kwa nne unapata 7.375, ambayo husogezwa kuwa 7.5. Cheti kinasema 7.5, ndiyo alama ya jumla inayotakiwa na Oxford. Lakini sharti linataka kila stadi ifike 7.0, na kuandika kumebaki 6.5, kwa hiyo sharti halijatimia. Na kuandika ndiko mara nyingi kunakobaki nyuma.

Basi usiulize tu chuo kinataka ngapi. Andika tarakimu tano kwenye karatasi: ya jumla, na ya kila stadi. Kwa TOEFL kuna jambo la kuongeza. Kipimo cha 0 hadi 120 kilichozoeleka kimepokewa na kipimo cha 1 hadi 6 kuanzia Januari 2026, na kwa kipindi cha mpito cha miaka miwili matokeo huonyesha pia alama ya jumla kwa kipimo cha zamani. Ukiona tovuti ya chuo bado inataja 100, usidhani umepotea njia. Uliza tu wanasoma kipimo kipi.

Dakika 40 za insha

Sehemu ya kuandika ya IELTS huchukua saa moja. Kazi ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Mwenye busara huipa insha dakika 40.

Chukua swali la aina hii: vijana wanaotenda makosa makubwa wapewe adhabu sawa na watu wazima, unakubali au unakataa? Mwanasheria akiliona hufurahi, kwa sababu amefika nyumbani. Anaanza kwa kufafanua mtoto ni nani kisheria. Anataja mkataba wa kimataifa, anaongeza msemo wa Kilatini, anaeleza nia ovu, anapima upande mmoja, anapima wa pili, na sentensi zake zina mistari mitano kila moja. Dakika 40 zinaisha akiwa na maneno 400, na msomaji hajui kama anakubali au anakataa.

Mtahini hakutumwa kupima ujuzi wa sheria. Ana vigezo vinne vyenye uzito sawa: kama umelijibu swali, kama hoja zako zimepangika na kushikana, upana na usahihi wa msamiati, na upana na usahihi wa sarufi. Kwa vigezo hivyo, insha ya mwanasheria wetu inapoteza alama kwenye kigezo cha kwanza, ambacho angeweza kukipata kwa sentensi moja mwanzoni: nakataa, na sababu zangu ni mbili.

Sasa ione insha ileile ikiandikwa upya. Aya ya kwanza ina sentensi mbili: swali limeelezwa kwa maneno ya mwandishi mwenyewe, na msimamo umetangazwa. Aya ya pili ina sababu moja tu, kwamba kijana wa miaka 15 hajakomaa katika kupima matokeo ya matendo yake, na mfano mmoja unaoifafanua. Aya ya tatu ina sababu ya pili, kwamba gereza la watu wazima humrudisha mtaani akiwa hatari zaidi, na mfano wake. Aya ya nne inakiri hoja moja ya upande wa pili, kwamba familia ya aliyeumizwa inastahili haki, na kuijibu. Kisha hitimisho la sentensi mbili. Ni maneno 280 hivi. Hakuna Kilatini wala kifungu cha sheria, na msimamo uko wazi tangu mwanzo. Dakika tano zilizobaki ni za kusahihisha.

Katika kusahihisha, tafuta makosa yanayotokana na Kiswahili chetu. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, kwa hiyo kalamu yenye haraka humwanza shahidi akiwa mwanamke na kummaliza akiwa mwanamume. Kiswahili hakina vile vijineno ambavyo Kiingereza huvitanguliza mbele ya nomino kuonyesha kama kitu kinajulikana au hakijulikani, nasi huviacha au kuviweka pasipotakiwa. Wingi wetu huonekana mwanzoni mwa neno, wao huuweka mwishoni, na mwisho wa neno ndipo jicho letu linapopita bila kusimama. Ukipitia insha mara tatu, kila mara ukitafuta kosa moja tu kati ya hayo, utayakamata mengi zaidi kuliko ukiipitia mara moja ukitafuta yote.

Na wino wa mahakamani uuache mahakamani. Lugha ya nyaraka za kesi, ya aliyetajwa hapo juu na aliyekwisha kutajwa hapo kabla, kwa mtahini huonekana kama maneno ya kukariri. Andika kama unavyomweleza mteja msomi asiye mwanasheria.

Stadi nyingine tatu

Sehemu ya kusoma ina matini tatu, maswali 40 na dakika 60, bila muda wa ziada wa kuhamishia majibu. Mtego wake kwa wanasheria uko kwenye maswali yanayokutaka uchague kama kauli ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Kazi yetu imetuzoesha kujenga dhana: shahidi alikuwa sokoni saa nne, soko liko mbali na eneo la tukio, basi hakuwepo. Mtihani hautaki dhana. Kama matini haikusema, jibu ni kwamba haikutajwa, hata kama akili yako inaona wazi kwamba haiwezi kuwa vinginevyo.

Kusikiliza kuna maswali 40 pia, na sauti huchezwa mara moja tu. Lafudhi huwa za Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko. Aliyezoea kumsikia Mwingereza wa redioni peke yake hupotezwa na Mwaustralia anayezungumza kuhusu kodi ya nyumba. Dawa yake ni mazoezi ya kila siku, nusu saa, bila kurudisha nyuma.

Kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini, huku mazungumzo yakirekodiwa. Mwanzoni utaulizwa kuhusu nyumbani, kazi na mapendeleo yako. Kisha utapewa kadi yenye mada, karatasi na penseli, dakika moja ya kujiandaa, halafu uzungumze peke yako dakika moja hadi mbili. Mwisho mtajadili mada hiyo kwa undani. Wengi huogopa lafudhi yao. Wasiogope: matamshi hupimwa kwa kueleweka, na hakuna anayekutaka ujifanye Mwingereza. Anayejilazimisha lafudhi ya kuigiza hupoteza mtiririko, na mtiririko ni robo ya alama za sehemu hii. Hatari ya kweli kwa mwanasheria ni ufupi. Mtu aliyezoea kumfundisha shahidi ajibu alichoulizwa tu naye hujibu hivyohivyo, kwa neno moja na kunyamaza, na mtahini hubaki hana cha kupima. Jibu, toa sababu, toa mfano.

Kalenda, jina na fedha

Matokeo ya IELTS na TOEFL huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili. Shule nyingi kubwa za sheria hufunga maombi ya LLM kati ya Desemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Anayefanya mtihani Novemba hana nafasi ya kurudia. Ufanye Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ili stadi moja ikibaki nyuma uwe na muda wa kuinua. IELTS ya kompyuta sasa huruhusu kurudia stadi moja ndani ya siku 60, badala ya kufanya mtihani mzima upya. Hata hivyo si vyuo vyote vinavyoipokea nafasi hiyo, wala si vituo vyote vinavyoitoa. Uliza chuo kwanza.

Jina nalo limewachelewesha watu wengi. Kwetu cheti cha kidato cha nne kinaweza kuwa na majina mawili, shahada ikawa na matatu, na pasipoti ikaja na la ukoo lililoandikwa tofauti. Kituo cha mtihani hufuata pasipoti, na chuo hulinganisha kila karatasi. Nyoosha majina kabla ya kujiandikisha, kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina inapobidi. Utaratibu huo unaujua; umewafanyia wateja.

Kwa maandalizi, anza na vitu vya bure. Wenye mitihani hii, yaani British Council, IDP na Cambridge kwa IELTS, na ETS kwa TOEFL, huweka majaribio yao mtandaoni. Ada ya kozi ilipe baada ya kujipima kwa muda halisi na kujua stadi gani inakuangusha. Na anayekuuzia cheti bila mtihani mkimbie. Vyuo huhakiki matokeo moja kwa moja kwenye mifumo ya waendeshaji, na cheti bandia kinaweza kukufungia udahili, viza, na hata uwakili wako hapa nyumbani.

Kuhusu haki

Sitaki umalize sura hii ukidhani kwamba kwa kuwa sharti lina njia ya kulitimiza, basi ni la haki. Mwaka 2021 Mnigeria Ebenezar Wikina, mwanzilishi wa Policy Shapers, alianzisha ombi la umma kupinga Wanigeria kudaiwa mtihani huu wakati wamesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Serikali ya Uingereza ilijibu kwamba nchi huingia kwenye orodha kukiwa na ushahidi kwamba angalau asilimia 51 ya watu wake wana Kiingereza kama lugha ya kwanza. Kwa kipimo hicho, jaji wa Lagos au Nairobi anayeandika hukumu kwa Kiingereza kila siku hupimwa kwa lugha ya majirani zake, badala ya kupimwa kwa kazi yake mwenyewe. Hoja ya Wikina ni nzuri, na wanasheria wa Afrika Mashariki wana kila sababu ya kuiunga mkono, kupitia vyuo vyao na vyama vyao.

Kwa Mtanzania kuna upande mwingine. Mwaka huohuo wa 2021, Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu. Hilo ni jema. Mwananchi anastahili kuielewa hukumu inayomfunga au kumwachia. Lakini wakili kijana wa leo atakisikia Kiingereza mahakamani mara chache kuliko mwalimu wake alivyokisikia, na ndiyo maana hawezi tena kutegemea kazi yake ya kila siku imwandalie mtihani. Kiingereza cha LLM lazima akitafute kwa makusudi: kusoma hukumu za nje, kuandika kila wiki, kuzungumza na wenzake.

Juhudi hiyo haiishii kwenye cheti. Mwanafunzi wa LLM husoma mamia ya kurasa kwa wiki na kuandika insha ndefu zinazopimwa na watu wasiomwonea huruma kwa sababu ya lugha. Anayeifikia 7.0 ya kuandika kwa kujifunza kupanga hoja, badala ya kukariri insha za watu, hukuta sehemu ya kazi ya mwaka mzima ameshaifanya. Basi leo fungua ukurasa wa kozi unayoitaka, andika zile tarakimu tano, mwandikie msajili wako, na panga tarehe ya jaribio lako la kwanza la muda halisi kabla ya wiki hii kwisha.